Kutengeneza na Kuficha

Kitu kilichoharibika huleta maswali mawili mbele ya fundi. La kwanza ni hili: Je, chaweza kufanya kazi tena? La pili ni hili: Je, kiliacha kazi kwa sababu gani? Swali la kwanza lina wasikilizaji wengi, kwa kuwa mwenye kitu anataka kukitumia leo. Swali la pili lina wasikilizaji wachache, kwa kuwa jibu lake huchelewesha kazi, huongeza gharama, na mara nyingine humfikishia mwenye kitu habari asiyopenda kuisikia. Yuko fundi anayelijibu swali la kwanza akaliacha la pili. Hupata ujira wake, na shukrani juu ya ujira. Nataka tutazame kama fundi huyo ametenda haki. Na kama hakutenda, tujue aliyedhulumiwa ni nani.

Mfano wangu ni mdogo: mashine kuukuu ya umeme ya kusagia kahawa. Huenda msomaji akaona kwamba swali la maadili lastahili mfano mkubwa kuliko huo. Walakini kitu kidogo kina fadhila moja. Hufunguliwa juu ya meza kikaonekana chote, sababu upande mmoja na matokeo upande wa pili. Moyo wa mwanadamu haufunguliwi hivyo, wala mji haufunguliwi hivyo. Tukijifunza kwanza penye mwanga, yamkini tutaitambua njia tutakapofika penye giza.

Katika Mji Mkongwe wa Unguja kahawa ina heshima yake. Alasiri, na tena baada ya sala ya Isha, watu hukaa barazani, kama vile pale Jaws Corner, wakanywa kahawa chungu katika vikombe vidogo visivyo na mkono, na kashata pembeni. Kahawa hutoka katika dele lililokaa juu ya makaa. Buni zenyewe huvuka bahari kutoka bara. Zikifika hukaangwa, kisha husagwa. Zamani kazi ya kuzisaga ilikuwa ya kinu na mchi peke yake, na wako ambao mpaka leo hawataki kahawa iliyopita kwingine. Lakini muuzaji anayepika madele mengi kwa siku hutamani mashine, na akiipata huitunza kama mvuvi anavyoutunza mtumbwi.

Mzee mmoja wa mtaani kwetu alikuwa na mashine ya namna hiyo. Ilikuwa na umri mkubwa kuliko wa vijana waliokuwa wakinywa kahawa yake. Siku moja ilinyamaza. Haikunguruma, haikutoa cheche, haikutoa harufu; ilikuwa kama kitu kisichopata kuwa na uhai. Akaipeleka kwa fundi. Jioni ile ile akarudishiwa, inazunguka vizuri, na ujira ulikuwa mdogo. Mzee akamwombea dua fundi wake akaenda zake.

Wiki chache zikapita. Mzee akaanza kuona kwamba mashine ikisaga kwa muda wa kopo moja la buni, kiwiliwili chake hupata moto hata mkono haukiwezi. Kisha ikaja harufu. Mtu aliyeishi na kahawa miaka mingi hawezi kuikosea: hii haikuwa harufu ya buni zinazokaangwa, ilikuwa harufu ya kitu kinachounguzwa. Akaichomoa plagi, akaipeleka mashine kwa fundi mwingine, kijana aliyekuwa na meza yake karibu na Darajani.

Namna kijana huyo alivyoitazama mashine yastahili kuelezwa kwa utaratibu, kwa sababu utaratibu wenyewe una maadili ndani yake. Hakuanza kwa kuifungua. Alianza kwa kuuliza: ilianza lini, hupata moto baada ya muda gani, iliwahi kufunguliwa? Kisha akaanza na vitu vya nje, vilivyo vyepesi kukaguliwa, akaenda kwa hatua kuelekea ndani. Aliifungua plagi, akaitazama fyuzi iliyomo. Alipima waya tangu plagi hadi mwilini mwa mashine, akaukunja pale unapoingia, maana hapo ndipo waya hukatikia. Alipima swichi. Kila alichokikuta kizima alikiweka upande wa wazima, wala hakukibadilisha kwa kubahatisha. Hakubadilisha vitu viwili kwa mara moja. Kwani anayebadilisha viwili, mashine ikipona, hajui kilichoiponya, na ikirudi kuugua hajui aanzie wapi.

Alipofika ndani ya mota aliona jambo. Katika nyaya za mota ya namna ile hufichwa kitu kidogo, hakizidi punje ya mpunga kwa unene mwingi, nacho huitwa fyuzi ya joto. Kazi yake ni moja katika maisha yake yote. Mota ikipata moto kupita kiasi kilichowekwa, fyuzi hiyo hukata njia ya umeme, na ikisha kukata hairudi tena. Ndiyo sababu mashine ya mzee ilikuwa imenyamaza bila ya kishindo. Fundi wa kwanza aliigundua fyuzi ile kuwa imekatika, na kugundua huko kwahitaji ujuzi. Kisha aliiondoa, na mahali pake akaunga kipande cha waya mtupu.

Huenda msomaji akauliza: mbona fyuzi ya kwenye plagi haikukata, nayo ipo kwa ajili ya usalama? Haikukata kwa sababu haikuwekwa kwa jambo hilo. Mashine ya wati 150, katika umeme wa volti 230, haitumii hata ampea 1. Fyuzi ndogo ya plagi zetu huwa ya ampea 3, na iliyo ya kawaida ni ya ampea 13. Mota yaweza kuungua polepole bila ya kuvuta umeme wa kuikata fyuzi hiyo. Fyuzi ya plagi ni shahidi wa waya. Fyuzi ya joto ni shahidi wa mota. Kila mmoja hushuhudia alichokiona, na ushahidi wa mmoja hautoshi pale unapotakiwa wa mwenziwe.

Basi kijana aliendelea kutafuta, kwa kuwa alijua kwamba fyuzi haipati moto yenyewe, hupashwa. Alikuta matundu ya kupitishia hewa yamezibwa na vumbi la kahawa. Alikuta bushi ya mbele, inayoishika shafti karibu na meno ya kusagia, imejaa utando mweusi mgumu. Buni iliyokaangwa ina mafuta. Mafuta hayo yakichanganyika na unga, na hewa ya chumvi ya pwani yetu, na miaka mingi, huganda kama gundi. Shafti ilikuwa ikizunguka kwa taabu kama mtu anayetembea topeni. Mota ilifanya kazi ya ziada kila siku ili kuishinda taabu hiyo, na kazi ya ziada iligeuka kuwa moto, na moto haukuwa na pa kutokea.

Dawa haikuwa ghali. Kijana aliyafungua matundu kwa brashi, akaisafisha bushi kwa spiriti, akaitia mafuta laini kidogo, akayang'arisha meno. Akatafuta fyuzi ya joto iliyoandikwa nyuzi zile zile za ile ya asili. Alipoilehemu aliushika mguu wake kwa koleo, ili joto la kulehemu liishie katika koleo lisiiue fyuzi kabla haijaanza kazi. Kazi ilichukua siku tatu, kwa sababu siku mbili zilikwenda katika kuitafuta fyuzi hiyo. Alipomkabidhi mzee mashine alimwambia, "Ami, kila mwezi izibue matundu haya. Na siku ikinyamaza tena, usiilaumu. Itakuwa inakwambia neno."

Sasa na tumtetee fundi wa kwanza, maana hukumu isiyosikiliza utetezi si hukumu.

Utetezi wa kwanza ni kwamba hakujua. Aliona kitu kilichokatika akadhani kwamba kilichokatika ndicho kilichoharibika. Dhana hii ni ya watu wengi. Mjumbe aletaye habari ya msiba huchukiwa kana kwamba yeye ndiye msiba. Lakini fyuzi iliyokatika haijaharibika. Imetimiza wajibu wake. Katika mashine nzima, yenyewe ndiyo iliyotenda ilivyotakiwa kutenda. Mtu wa kawaida asiyejua hilo hana lawama. Fundi asiyejua ana lawama kwa kadiri alivyojiita fundi, kwa sababu jina hilo ndilo lililomfanya mzee aache kutafuta zaidi.

Utetezi wa pili ni kwamba mwenye mali aliridhika. Aliomba mashine izunguke, nayo ikazunguka. Nasema ridhaa haipatikani bila ya maarifa. Mzee aliridhika na kitu alichodhani amepewa. Hakuambiwa kwamba mlinzi wa mashine yake ameondolewa. Laiti angeambiwa, huenda angelikubali, huenda angelikataa; lakini neno la kukubali au kukataa lilikuwa lake, nalo lilichukuliwa asijue kwamba analo.

Utetezi wa tatu ni umaskini, na huu ndio mzito. Fyuzi ya joto haiuzwi katika kila duka. Mzee ana wateja jioni ile ile, na siku tatu bila ya kahawa ni siku tatu bila ya chakula cha watoto. Fundi naye ana watoto. Anayehubiri ukamilifu akiwa ameshiba huwa mkatili bila ya kujua. Nakubali kwamba umaskini waweza kumsamehe fundi kwa kazi aliyoiacha bila ya kuimaliza. Hauwezi kumsamehe kwa kuiita kazi hiyo kamili. Kusema, "Ami, nimeiunga kwa muda tu, usiiache peke yake, na ikipata moto izime," hakugharimu hata senti moja. Maskini na tajiri wana uwezo sawa wa kuisema sentensi hiyo.

Hata hivyo sentensi hiyo haitoshi, na hapa naomba msomaji asimame kidogo. Nyumba za Mji Mkongwe zimeegemeana. Ukuta wa mmoja ndio ukuta wa jirani yake. Sakafu zimebebwa na boriti za mikoko. Ngazi na milango ni ya mbao. Vichochoro ni vyembamba hata gari haliwezi kupita. Mashine iliyoondolewa mlinzi, ikiachwa inazunguka usiku, haimtishi mwenyewe peke yake. Humtisha mtoto aliyelala ghorofa ya juu, ambaye hakupata kuiona mashine wala kumjua fundi. Mzee aweza kuridhia hatari yake. Hawezi kuridhia hatari ya mtoto wa jirani. Kwa hiyo liko jambo ambalo fundi hana ruhusa ya kulifanya hata akiombwa, hata akilipwa, hata akisema kweli: kukiondoa kinga ambacho si cha aliye mbele yake peke yake. Hapo wajibu wake ni kusema, "Sitaweza."

Nimeuliza mwanzo ni nani aliyedhulumiwa. Mzee amedhulumiwa, maana aliuziwa kimya kwa bei ya uzima. Lakini aliyedhulumiwa zaidi ni yule asiyekuwapo. Aghalabu hivyo ndivyo dhuluma ya kuficha ilivyo. Wanaohusika mbele ya meza hutoka wote wawili wameridhika, na deni huachiwa mtu wa tatu.

Lugha yetu imelijua jambo hili kabla ya fyuzi kuvumbuliwa. Twatumia neno moja, kutengeneza, kwa kuumba kitu kipya na kwa kukirudisha kilichoharibika. Wageni wanaojifunza Kiswahili hulishangaa neno hili, wakadhani tumepungukiwa na msamiati. Lakini tazama shina lake. Kutengenea ni kuwa katika mpango ulio sawa. Kutengeneza ni kusababisha kitu kitengenee. Neno halisemi kizunguke, wala halisemi kipendeze. Lasema kiwe sawa. Kwa kipimo cha lugha yenyewe, mashine ya mzee ilipotoka kwa fundi wa kwanza ilikuwa inazunguka na haikuwa imetengenezwa. Vilevile twasema kitu kimeharibika, tukatumia umbo la kitenzi lisilomtaja mtendaji, kana kwamba uharibifu umejizaa. Umbo hilo ni la adabu, na mara nyingi ni la kweli. Lakini kazi ya fundi huanzia pale adabu hiyo inapokoma: yeye lazima aulize kimeharibiwa na nini.

Nimesema tutalipeleka somo hili penye giza. Na tutazame kwanza kuta zile zile zilizoegemeana. Zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na udongo. Chokaa huuachia unyevu njia ya kutoka. Ukuta ukitoka doa au ufa, hiyo ni habari: pengine paa linavuja, pengine mfereji umeziba. Wako wanaoziba ufa huo kwa saruji kisha wakapaka rangi. Saruji ni ngumu na huonekana imara siku ile. Lakini huufunga unyevu ndani ya ukuta, unyevu ukaendelea kula mahali pasipoonekana. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali yatuhimiza kuziba, wala haikutupa ruhusa ya kuziba kwa kitu chochote. Mji huu uliwekwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na heshima hiyo haiuzuii unyevu. Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883, ilianguka sehemu yake moja mwaka 2012, na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa zaidi ikaanguka matengenezo yakiendelea, watu wawili wakafa. Mji wa nyumba kongwe hauna haki ya kuidharau habari ndogo ya ukuta.

Umeme wenyewe uliozizungusha mashine za kahawa ulitupa funzo jingine. Kuanzia mwaka 1980 Unguja ilipata umeme kutoka bara kwa kebo moja iliyolazwa chini ya bahari. Mwezi Mei mwaka 2008 umeme ukakatika katika kisiwa kizima, ukarudi Juni. Hitilafu ilitengenezwa na taa zikawaka. Lakini swali la pili lilibaki palepale, kwamba kisiwa kizima kimetegemea uzi mmoja uliokwisha zeeka. Desemba 2009 giza likarudi, likakaa hadi Machi 2010. Kebo ya pili, yenye uwezo wa megawati 100, ilianza kazi mwaka 2013. Siandiki haya kumlaumu mtu. Waliorudisha umeme mara zote mbili walifanya kazi ngumu na ya lazima. Naandika kuonyesha kwamba taa kuwaka ni jibu la swali la kwanza tu.

Nasi tulio katika vyuo tuna fyuzi zetu. Alama ya mtihani ni fyuzi. Mwanafunzi anapoanguka, alama hukata njia, ikasema kwamba mahali fulani pana joto: pengine hakusoma, pengine hakufundishwa, pengine ana njaa, pengine lugha ya mtihani si lugha anayofikiria kwayo. Mwalimu mwenye huruma huona rahisi kuongeza alama chache, mwanafunzi akapita na wote wakafurahi. Ni kipande cha waya mtupu. Mwanafunzi yule atakwenda kuwa daktari, mhandisi au mwalimu, na mtu wa tatu, asiyekuwapo siku alama zilipoongezwa, ndiye atakayelipa. Huruma ya kweli hukaa na mwanafunzi ikatafuta panapopata moto.

Sitaki msomaji aondoke akidhani kwamba kila kitu lazima kitengenezwe. Viko vitu ambavyo nyaya zake zimekwisha ungua, na kusema "haifai tena" ni sehemu ya uaminifu wa fundi kama kusema "itapona." Wala sitaki adhani kwamba kila kiraka ni dhambi. Jahazi lililotoboka katikati ya bahari huzibwa kwa kilichopo, na nahodha aliyeziba kwa kitambaa amefanya wajibu wake. Atakuwa na hatia akifika bandarini akaliuza jahazi lile bila ya kusema. Kiraka chajulikana kwa jina lake, na muda wa kiraka ni mfupi. Uovu huanza pale kiraka kinapopewa jina la uzima.

Basi kipimo ninachokitoa ni hiki. Fundi, au mwalimu, au mtawala, akisha kukirudisha kitu kazini, na ajiulize kama sababu iliyokinyamazisha imeondoka, au kilichoondoka ni ile sehemu iliyokuwa ikiitaja. Kama sababu imeondoka, ametengeneza. Kama imebaki naye amesema hivyo mbele ya wote watakaoguswa, amefanya alichoweza, na kazi iliyobaki inajulikana. Kama imebaki naye amenyamaza, ameficha. Na mficha maradhi, wahenga walisema, kifo humuumbua. Methali hiyo ina upole kuliko mambo yalivyo. Mara nyingi kifo humuumbua mficha maradhi kwa kumchukua mtu mwingine.